Je, Magurudumu Ndiyo Yanayofukuza Wateja? Uhakiki wa Hoja ya Marufuku

Kuna hoja moja ambayo husikika karibu kila mahali ambapo maduka yamepungukiwa na wateja. Husemwa kwamba biashara imelala kwa sababu mtaa umejaa vijana wenye kelele na magurudumu. Waondolewe, mtaa utapendeza na wateja watarudi. Katika miji ya Marekani na Uingereza, magurudumu yanayolaumiwa ni ya skeitibodi, yaani kile kibao chenye magurudumu manne madogo ambacho kijana husimama juu yake akateleza. Huku kwetu Busia na Tororo kibao hicho ni nadra kukiona. Magurudumu yetu ni ya bodaboda, ya mikokoteni ya wachuuzi, na ya baiskeli za magurudumu matatu ambazo watu wenye ulemavu wa miguu huziendesha kwa mikono. Hata hivyo, hoja ni ileile, na anayelaumiwa ni yuleyule: kijana asiye na duka ambaye riziki yake au burudani yake iko barabarani.

Katika insha hii ninakusudia kuipima hoja hiyo kwa mambo matatu: chanzo cha kudorora kwa biashara, matokeo ya mahali ambapo marufuku imejaribiwa, na lugha inayotumiwa kuitetea. Msimamo wangu ni kwamba marufuku inaweza kuleta nafasi barabarani, lakini haifufui biashara. Tena katika mji wa mpakani inaweza kuizidishia biashara ugonjwa, kwa kuwa wanaoondolewa ndio wanaowaleta wateja.

Kabla ya kuikosoa hoja, ni haki kuieleza kwa nguvu zake zote. Mwenye duka hulipa kodi ya pango kila mwezi na leseni kila mwaka. Mchuuzi anayetandaza bidhaa mbele ya baraza lake hana pango, na mara nyingi huuza sabuni ileile na malapa yaleyale kwa bei ya chini. Bodaboda nazo zikijipanga mlangoni, mama mwenye mtoto mgongoni na mzigo kichwani hupita kwa taabu. Ajali hutokea, na wezi wa mifukoni hupenda msongamano. Haya yote ni kweli, na mtu anayeyakana hajawahi kusimama nyuma ya kaunta ya duka siku nzima akisubiri mteja. Kwa hiyo sisemi kwamba wenye maduka wanalalamika bure. Ninachouliza ni kama dawa wanayoitaka ni ya ugonjwa walio nao.

Tuanze na chanzo. Busia ni mji mmoja uliogawanywa na mpaka, upande mmoja Uganda na upande mwingine Kenya, na biashara yake huishi kwa tofauti ya bei kati ya pande hizo mbili. Tofauti hiyo hutegemea sana thamani ya sarafu. Mwishoni mwa mwaka 2021 shilingi moja ya Kenya ilibadilishwa kwa takriban shilingi 31 za Uganda. Mwanzoni mwa mwaka 2024, shilingi ya Kenya ilipokuwa imeporomoka hadi takriban 160 kwa dola moja ya Marekani, ilibadilishwa kwa takriban shilingi 24 tu za Uganda. Katika mwaka huohuo ilipata nguvu tena na kurudi karibu na 28. Tufanye hesabu ya kawaida ya sokoni. Mkenya aliyevuka na noti ya shilingi 1,000 mwishoni mwa mwaka 2021 alipata takriban shilingi 31,000 za kununulia maharagwe, ndizi na dagaa upande wa Uganda. Mwanzoni mwa 2024 noti ileile ilimpa takriban 24,000. Amepoteza zaidi ya moja ya tano ya uwezo wake wa kununua, na hakuna bodaboda hata moja iliyohusika. Wakati huohuo Mganda aliona bidhaa za upande wa Kenya zimekuwa nafuu kwake. Mteja hakutoweka, alibadilisha upande wa kununulia. Mwenye duka wa upande wa Uganda anayeangalia nje na kuona pikipiki kumi, huku ndani hana mteja, ni rahisi kuziunganisha picha hizo mbili. Pikipiki anaziona, lakini bei ya sarafu haisimami mlangoni kwake.

Chanzo cha pili ni mabadiliko ya forodha. Kuanzia mwaka 2014, chini ya mpango wa himaya moja ya forodha ya Afrika Mashariki, ushuru wa bidhaa nyingi zinazokwenda Uganda ulianza kukamilishwa Mombasa badala ya mpakani. Kisha tarehe 24 Februari 2018, Rais Yoweri Museveni na Rais Uhuru Kenyatta walikizindua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani hapa Busia, ambapo msafiri na mzigo hukaguliwa mara moja tu katika nchi wanayoingia. Mabadiliko haya yalikuwa mazuri kwa mwenye shehena, lakini tuyatazame pia kwa jicho la mji. Dereva wa lori aliyekuwa akikwama siku mbili au tatu alilala gesti, alikula vibandani, alinunua vocha, alinyoa ndevu na kufuliwa nguo. Wakala wa forodha aliyekuwa na ofisi ya chumba kimoja aliajiri karani, na karani naye alinunua viatu dukani. Lori linapopita kwa saa chache, fedha hizo hupita nalo. Hasara ya namna hii haiwezi kurudishwa na askari wa manispaa anayekimbiza wachuuzi.

Chanzo cha tatu ni amri za ghafla za serikali. Tarehe 5 Machi 2021 mamlaka ya kilimo ya Kenya ilizuia mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu ya kuvu. Zuio hilo liliondolewa baada ya siku chache na kuwekewa masharti mapya, lakini kwa mfanyabiashara wa nafaka hata siku chache zinatosha kuozesha mtaji. Mkulima asipouza mahindi, hana fedha za kununua mabati, kitenge wala daftari za watoto. Duka la vitambaa hulala kwa sababu ya barua iliyoandikwa Nairobi.

Mtu anaweza kunijibu kwamba vyanzo hivyo ni vikubwa mno, manispaa haiviwezi, basi angalau ifanye inachokiweza. Jibu hili lina mvuto, lakini linadhani kwamba kuondoa watu wa magurudumu hakuna gharama kwa biashara. Hapa ndipo historia ya Busia inapotufaa. Neno bodaboda lenyewe limezaliwa katika mpaka huu wa Busia na Malaba. Waendesha baiskeli waliowavusha abiria kutoka kituo cha nchi moja hadi cha nchi nyingine waliita wateja kwa kutaja safari yenyewe: boda hadi boda. Kwa hiyo bodaboda ilikuwa sehemu ya soko tangu mwanzo, kwa sababu mteja wa mpakani ni mtu anayevuka, na anayevuka na mzigo anahitaji kubebwa.

Vivyo hivyo kwa baiskeli za magurudumu matatu. Watafiti Susan Reynolds Whyte na Herbert Muyinda waliandika mwaka 2007 kuhusu watu wenye ulemavu, wengi wao waliougua polio utotoni, waliojipatia kazi ya kuvusha bidhaa Busia kwa baiskeli hizo. Kiti cha baiskeli kilibeba mwenyewe na mzigo wa mwenye duka. Mtu ambaye jamii ilimhesabu kuwa wa kupewa sadaka aligeuka kuwa msafirishaji, akajenga nyumba na kusomesha watoto. Ukisema magurudumu yaondoke mbele ya maduka, sharti useme pia ni nani atakayeujaza mzigo wa duka hilo kesho asubuhi.

Tunao hata mfano wa wakati ambapo magurudumu madogo na watembea kwa miguu waliondolewa kabisa mpakani. Machi 2020, kwa sababu ya korona, Uganda ilifunga mipaka yake kwa wasafiri na kuruhusu malori ya mizigo pekee. Malori yalipanga foleni ndefu kuelekea Malaba na Busia, bidhaa zikaendelea kupita, lakini mtu wa kawaida hakuruhusiwa kuvuka. Ninakubali kwamba mfano huu si safi, kwa kuwa maduka mengi yenyewe yaliamriwa kufungwa na watu walikuwa na hofu ya ugonjwa. Hata hivyo unatuonyesha jambo moja bila utata: tani nyingi za mizigo zinaweza kupita katikati ya mji bila kuacha chochote dukani. Kinacholisha duka ni mtu anayevuka na kikapu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na mgeni wa Busia huja kwa miguu au kwa bodaboda.

Sasa tuangalie mahali ambapo marufuku imejaribiwa. Kuhusu skeitibodi, mfano unaojulikana zaidi ni bustani ya LOVE Park katika mji wa Philadelphia. Vijana waliifanya kuwa mashuhuri duniani kwa michezo yao. Mji ukapiga marufuku mchezo huo mwaka 2000, na mwaka 2002 ukaibadilisha bustani ili ubao usiweze kuteleza. Mwaka huohuo Edmund Bacon, mpangaji miji aliyehusika na wazo la bustani hiyo, alipanda ubao hadharani kupinga, akiwa na umri wa miaka 92. Mwaka 2004 kampuni ya viatu ya DC Shoes iliahidi dola milioni moja ili vijana warudishwe, mji ukakataa. Mwaka 2016 bustani yote ilivunjwa ijengwe upya, na kabla ya kuvunjwa meya aliwaruhusu vijana warudi kwa siku chache za kuaga. Ikiwa kuwaondoa vijana pekee kungetosha kuifanya bustani kuwa mahali pazuri pa wote, isingehitaji kuvunjwa.

London ilichukua njia nyingine. Mwaka 2013 palikuwa na mpango wa kuwahamisha wachezaji kutoka chini ya jengo la Southbank, karibu na mto Thames, ili nafasi yao ichukuliwe na maduka na mikahawa. Hapa hoja ilikuwa wazi kabisa: ubao utoke, duka liingie. Vijana walipinga kwa kukusanya saini na kwa hoja, na mwaka 2014 yakafikiwa makubaliano kwamba wabaki. Watu wanaotembea kando ya mto husimama kuwatazama. Na mtu aliyesimama, kila mwenye duka anajua, ni mteja mtarajiwa.

Turudi Afrika Mashariki. Januari 2022 Mamlaka ya Jiji la Kampala iliwaondoa wachuuzi katika barabara za katikati ya jiji. Barabara zilionekana pana kwa muda, kisha wachuuzi wengine wakaanza kurudi, hasa jioni askari wanapokwenda nyumbani. Jijini Dar es Salaam, machinga waliondolewa kandokando ya barabara za Kariakoo na kwingineko mnamo Oktoba 2021, miaka mitatu tu baada ya serikali kuwauzia vitambulisho vya shilingi 20,000 ili wafanye biashara bila kubughudhiwa. Kabla ya hapo, jengo la Machinga Complex lilikuwa limefunguliwa Ilala mwaka 2010 ili kuwapatia nafasi ya kudumu, lakini vizimba vingi vilikaa vitupu kwa miaka. Sababu yake inaeleweka na mtoto wa sokoni: mnunuzi wa bidhaa ndogo hapandi ghorofa kumtafuta muuzaji. Hununua anapopita, na muuzaji hukaa panapopitwa. Aliyewapangia machinga jengo alidhani kwamba muuzaji ndiye humvuta mteja popote aendapo, kumbe njia ya mteja ndiyo inayomvuta muuzaji. Kosa hilohilo limo katika hoja ya marufuku, maana nayo inadhani wateja wapo mahali fulani wakisubiri tu barabara isafishwe.

Neno hilo, kusafisha, linanileta kwenye kipimo cha tatu, ambacho sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna wajibu wa kukizungumzia. Tunasikia mara nyingi kwamba mji unasafishwa kwa kuwaondoa wachuuzi. Kinachosafishwa huwa na uchafu. Ukishasema unasafisha mji kwa kuondoa watu, umekwisha kuwaita watu hao taka bila kulitamka neno lenyewe, na taka haiulizwi inataka kwenda wapi. Linganisha na msamiati uliotumika Tanzania mwaka 2021, ambapo viongozi walizungumza juu ya kuwapanga machinga. Kitenzi kupanga kinakubali kwamba kinachopangwa kina mahali pake. Sisemi kwamba kila aliyepangwa aliridhika, kwani wapo waliopoteza bidhaa zao. Nasema kwamba kitenzi kinafungua au kinafunga mlango wa mazungumzo. Afisa anayesema amekuja kuwapanga anaweza kuulizwa: mmetupanga wapi? Anayesema amekuja kusafisha haulizwi kitu.

Hata neno marufuku lenyewe lina sifa ya kutamkika kwa urahisi. Halihitaji bajeti, halihitaji hesabu ya mapato, na huleta matokeo yanayoonekana siku hiyohiyo. Kiongozi anayetaka kuonekana anafanya kazi hulipenda kwa sababu hiyo. Ndiyo maana tunapaswa kulitilia shaka zaidi pale linapotolewa kuwa tiba ya uchumi.

Hata hivyo, watetezi wa wachuuzi na bodaboda nao wana udhaifu wao. Baadhi yao huandika kana kwamba kila sheria ya barabarani ni uonevu. Mtu mwenye baiskeli ya magurudumu matatu huzuiwa na pikipiki zilizoegeshwa ovyo kuliko mtu mwingine yeyote, na mchuuzi anayeziba mlango wa zahanati hastahili kutetewa kwa jina la umaskini. Utaratibu unahitajika. Tofauti ni kwamba utaratibu una lengo dogo linalopimika, kama vile njia iwe wazi na ajali zipungue, ilhali marufuku inayotetewa kwa jina la uchumi huahidi kitu ambacho haina uwezo wa kukitoa.

Manispaa ya mpakani ifanye nini basi? Kwanza, ianze kwa kuhesabu badala ya kufukuza: wanunuzi wangapi huingia mtaani kwa bodaboda, wangapi kwa miguu, na mabadiliko ya sarafu yanawaathiri vipi. Kazi hiyo wanafunzi wa chuo wanaweza kuifanya kwa wiki mbili wakiwa na daftari na kalamu. Pili, itenge steji za bodaboda hatua chache kutoka milango ya maduka, ichore mistari, na ifanye hivyo pamoja na viongozi wa steji wenyewe. Tatu, iweke saa za uchuuzi, kwa mfano jioni maduka makubwa yanapofungwa, ili mtaa mmoja utumike mara mbili kwa siku. Nne, ijenge miteremko ya saruji kwa ajili ya baiskeli za magurudumu matatu. Tano, iwafundishe wafanyabiashara wadogo, kwa Kiswahili na kwa Kisamia na Kiteso, juu ya utaratibu rahisi wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambao unamruhusu mwenye bidhaa za nchi wanachama zisizozidi thamani ya dola 2,000 kuvuka kwa cheti chepesi cha asili ya bidhaa. Mtu anayelijua hilo hana haja ya kupitia njia za panya, na anayepita njia halali ndiye anayepita mbele ya maduka.

Kuhusu vijana, upo mfano wa Kitintale jijini Kampala ambao ni mzuri kuufikiria. Mwaka 2006 vijana wa mtaa huo wa watu wa kipato cha chini walijijengea uwanja wa skeitibodi kwa mikono yao, baada ya kuona hawana pa kuchezea. Hawakungoja kufukuzwa barabarani ndipo watafute mahali. Lakini si kila mtaa una vijana wenye ardhi na saruji, na swali lao linabaki kwa kila anayetaka kupiga marufuku: wakitoka hapa, waende wapi? Mwenye duka anayelijibu swali hilo kwa uaminifu atagundua kwamba wengi wa vijana hao, pamoja na mama zao, ndio wanaonunua kwake sukari ya robo na sabuni ya kipande. Wakihamia ng'ambo ya mpaka, watanunua huko.